Nusu Pigo

Nilimjua Iria Lestón gitaa lake likiwa na nyuzi tano.
Ule wa sita ulikatika Jumamosi moja huko Vimianzo,
katikati ya harusi ya binamu yake,
naye hakuwa na senti ya kununua mwingine hadi Pasaka.
Ndiyo maana nyimbo zake za mwanzo hazipandi juu.
Baadaye wachambuzi waliandika: "uamuzi wa kijasiri."
Tulicheka mpaka gari likazima.

Mimi nilipiga besi. Niliendesha pia,
nilibeba spika, niligombana na wenye baa juu ya malipo,
niliuza sidii mlangoni kutoka kasha la machungwa.
Albamu ya kwanza tuliirekodia chumba cha kufulia
cha shangazi yake Obdulia, mablanketi ukutani,
mashine ya kufulia tumeichomoa,
friji tukalisahau.
Sikiliza wimbo wa nne, utalisikia likinguruma
kwenye noti ya re. Iria alikuwa akilifuata.
Nakala mia mbili na kumi na nne.
Kumi na tisa ziko chini ya kitanda changu.

Enzi hizo alikuwa na maneno mengi.
Kila ubeti ulikuwa sanduku la msafiri mwoga:
koti, mwavuli, koti jingine,
mvua yote ya Galisia, mama aliyehamia Uswisi
kusafisha hoteli, vyote humo, kifuniko hakifungi,
nami na besi yangu tumekikalia juu.

Kisha Madrid.
Mtu mwenye viatu vyeupe, Fermín Uceda,
akamwambia: achana na Kigalisia,
punguza hao bibi zako, nikupe ngoma ya mashine.

Ningependa kusema alikataa.
Alikubali, na wimbo ukawa mzuri.
Kweli kabisa, ulikuwa mzuri.
Watoto wa shule waliuimba kwenye mabasi,
uliuza viatu katika tangazo,
ulimlipia Obdulia nyonga mpya.
Mashine ilijua kupiga besi pia.
Hakuniambia. Nilijua nilipohesabu tiketi za ndege.

Miaka mitatu. Halafu koo lake likaota vinundu,
daktari akamkataza hata kunong'ona.
Miezi minne aliandika kwenye ubao wa mtoto:
maziwa. asante. la.
Nilimtembelea mara moja. Akaandika: besi?
Nikasema siku hizi nasambaza mikate.
Akafuta kwa kiganja, akamimina kahawa.
Nadhani hapo ndipo alipojifunza kuandika,
kila neno lilipoanza kumla chaki.

Alipopona, alirudi nyumbani na mashine ileile,
akaiweka mezani mbele ya wanawake wa matari.
Nilitegemea ugomvi.
Waliizunguka kama mkwe mpya,
wakaibonyeza, wakaicheka, wakapiga nayo hadi usiku wa manane.
"Huyu hachoki," Obdulia akasema,
"lakini hajui kungoja."

Basi Iria akaifundisha kungoja.
Wiki sita na vile vifungo,
nusu pigo hapa, robo kule,
mpaka ikayumba kama mwanamke mwenye nyonga mpya
anayepanda ngazi na habari njema.

Leo saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Cee,
mikate mia tatu ikitoka jasho nyuma yangu,
redio ikautoa wimbo mpya.
Ubeti una mistari mitatu tu.
Mswaki na barua moja, sanduku limefungwa.

Kisha, kabla ya kiitikio, pana pengo.
Matari yanashusha pumzi, mashine inangoja,
na pale chini, palipokuwa pangu,
hapana kitu.
Labda ndiyo sanaa yenyewe.
Labda ni uzi mwingine umekatika.

Nilijikuta napiga usukani kwa kidole gumba,
noti mbili, nimechelewa kidogo, kawaida yangu,
na zikaingia.

Lori la nyuma likanipigia honi.
Taa ilikuwa ya kijani tangu zamani.