Nimesema Mgongo

Karani wa mapokezi, kalamu sikioni,
aliuliza kwa sauti ya mnadani:
"Fiziotherapia? Unaumwa wapi, mama?"
Benchi zima likageuka.
Nikasema, mgongo.
Akaandika mgongo.

Mgongo nilimwambia pia mama mkwe kule Mvumi,
alipotaka kujua mbona siinami tena
kwenye palizi ya uwele.
Mgongo, niliwaambia wenzangu wa Sabasaba
waliponiona nakanyaga cherehani kwa tako moja,
kiupandeupande,
kama kuku anayeatamia yai la mwenzake.
Mume wangu, usiku, sikumwambia neno.
Yeye nilimpa mgongo wenyewe.

Miaka tisa.
Fangasi, walisema, nikameza vidonge vya fangasi.
Joto la mwili, walisema, nikakalia mvuke wa majani
hadi nikaungua.
"Umeokota wapi?" aliuliza yeye, mara moja tu,
na mara moja ilitosha.
Mficha uchi hazai, wanasema.
Mimi nimezaa watano
na bado niliuficha.

Mpaka daktari mmoja akavuta taa, akatazama kweli.
Ngozi imepauka, akasema, imekonda, inachanika.
Haiambukizi. Hujaiokota popote.
Haiponi ikaisha, ila hutulizwa.
Akanipa malhamu, kiasi cha ncha ya kidole kila usiku,
na karatasi ya kuja huku
kwa Nyemo.

Nyemo ana kucha fupi na raba nyeupe.
Alifunga pazia, akalibana kwa kibanio cha nguo
upepo wa Julai usije ukalifunua.
Hakuanza kwa kunishika.
Alianza kwa kutaja.
"Uke," akasema,
vile mtu anavyosema kiwiko.
Nikatazama dari. Lina doa la mvua, umbo la sufuria.

"Ngozi iliuma, mama Sechelela,
misuli ya nyonga ikaja kuilinda.
Sasa ngozi imeanza kupoa,
walinzi hawajapewa taarifa."

Mkono mmoja tumboni, mwingine ubavuni.
Vuta. Ishushe pumzi mpaka chini kabisa.
Usiisukume.
Nilipojaribu kuachia ndipo nikakaza,
mpaka meno, mpaka vidole vya miguu.
Nikacheka kwa hasira.

"Utotoni mlichota wapi maji?"
Korongoni, nikasema. Kiangazi chote.
Tulifukua mchanga kwa kata
mpaka mkono uzame begani,
tukifika penye unyevu tunakaa.
Ukiyakimbilia, unapata tope.
"Basi kaa," akasema Nyemo.

Nikakaa.
Sijui ni dakika ngapi.
Kitu nilichokifumba tangu Sechelela yuko darasa la pili
kililegea, kidogo, kama fundo la khanga
lililosahau lilifungia shilingi ngapi.
Machozi yakaingia masikioni.
Hakuuliza.

Nyumbani nafanya mara mbili kwa siku,
alfajiri kabla ya jogoo wa jirani,
na jioni, mlango nimeukomea.
Kwa vipande vya sare za shule, kaki na bluu,
nimejishonea mto wa kukalia
wenye tundu katikati.
Sasa cherehani naikalia kwa matako yote mawili, karibu saa nzima.
Siku nyingine robo saa.
Siku nyingine narudi kwenye tako langu moja
na kumtukana Nyemo kimoyomoyo.

"Huo mto wa nini?" aliuliza mume wangu.
Taa ilikuwa imezimwa.
Nikageuka.
Nikamwambia, kwa jina lake,
ugonjwa, mahali, malhamu, mazoezi,
na lile swali lake la mara moja.

Alinyamaza.
Akatoka nje kuwatazama mbuzi
tuliowauza mwaka jana.
Alikaa huko mpaka baridi ikamrudisha.
Akalala chali, akasema,
"Huyo Nyemo, nauli ya kwenda kwake unayo?"

Kwenye faili bado ni mgongo.
Jumanne ijayo nitamwambia yule karani afute.
Au Jumanne ya pili yake.