Kaunta Buku

Lilining'inia kwa kamba ya katani
kwenye msumari wa duka la Mwanamkuu, Barabara ya Kumi na Tatu:
kaunta buku la kwaya nne, gamba jeusi,
pembe zimekunywa mafuta ya kachori.
Sisi tuliojua lugha ya ile mashine
tulipokwama tuliandika humo,
na aliyepita kunywa chai alijibu.

Ukurasa wa kwanza, mwaka themanini na sita, wino wa bluu:
"Mistari mia tatu nimeandika, mashine inakataa. Singano, Reli."
Chini yake, kwa penseli: "Nukta. Umeiacha mstari wa arobaini."
Chini zaidi, mwandiko wa tatu:
"Na chai ya juzi umeiacha pia."

Lugha yenyewe ilikuwa ya kiungwana, yenye maneno mengi.
Ilisema HAMISHA, ikasema JUMLISHA,
haikuvumilia mkato wa kihuni,
na kila sentensi ilitaka nukta, kama ghala linavyotaka kufuli.
Mimi mwenyewe niliacha moja wazi
wakata katani wa Pongwe wakalipwa Desemba mara mbili,
na katika watu mia sita na ushei
hakurudi hata mmoja kuuliza.

Miaka ile buku lilijaa kabla mwezi haujaandama mwingine.
Bandari waliuliza. Saruji waliuliza.
Bombo walitaka kujua wagonjwa hupangwaje kwa majina
ikiwa nusu ya wodi ni Mohamedi.
Tuligombana kwa wino mwekundu
juu ya zile nafasi sita za mwanzo wa mstari,
Mhina akachora punda mwenye miwani
akaandika chini yake jina langu.

Sijui ni lini hasa. Hakuna aliyeaga.
Kurasa zilianza tu kupumua:
swali Jumatatu, jibu Alhamisi,
halafu mwezi,
halafu mfungo mzima hakuna wino.
Reli walinunua mashine isiyojali nukta.
Singano alikwenda Muheza kwenye machungwa yake.
Mhina tulimzika siku ya mvua, haraka haraka.
Na Mwanamkuu naye alipotangulia, binti yake Saumu
aligeuza buku upande wa nyuma
akaanza kuandika madeni ya sukari.

Nikajua basi.

Mwaka jana maswali yakarudi.
Hawaulizi tena jinsi ya kujenga,
wanauliza jinsi ya kutoka.
"Shikamoo. Malipo ya baba ya mwaka tisini yamo kwenye hii mashine. Nayatoaje?"
"Habari. Tunafunga mfumo wa zamani. Sentensi hii inamaanisha nini?"
Hawaandiki majina, namba za simu tu.
Neno letu la kwanza, HAMISHA,
limegeuka sasa linatusema wenyewe.
Nawajibu wote. Nimekuwa mwosha maiti wa mtaa:
usiku anagongewa mlango, anapewa sabuni na ahsante,
asubuhi hakuna anayetaka kunywa naye chai.

Juzi, kati ya deni la kilo mbili
na deni la mafuta ya taa, nikakuta penseli:
"Naitwa Tunu, nasoma Usagara.
Sina cha kuhamisha.
Nataka tu kujua, katika lugha yenu,
mtu akitaka kusema 'kama sivyo' anasemaje?"

Nilisoma mara tatu.
Nikaazima kalamu kwa Saumu,
nikanunua kachori ilhali sina njaa,
nikaandika pole pole: nafasi sita kwanza,
halafu KAMA, halafu VINGINEVYO,
nikamchorea mshale kila njia inakokwenda,
na punda, mdogo, pembeni.
Nikamwambia njoo Jumamosi saa nne, nitakuwepo,
lete daftari lako mwenyewe,
na mwisho wa kila sentensi usisahau