Soketi ya Kurudi

Lwaboshi ameileta kwa baiskeli ya mizigo,
ameifunga kwa mpira wa tairi, ameivika koti lake la mvua,
mwenyewe amelowa chapachapa.
"Inakatikaka," anasema, Kiswahili chake cha Bukavu.
"Jumapili, wimbo wa tatu, sauti inaenda.
Nikiipiga teke inarudi.
Pasta ananiangalia."

Naiwasha. Inaimba.
Nusu saa inaimba bila hata kikohozi,
kama jino linaloacha kuuma mlangoni pa daktari.
Nje, Barabara ya Hessle imemezwa na ukungu wa mto Humber,
na kile kibanda cha simu cha rangi ya maziwa,
fahari ya Hull, kisicho na mteja,
mara kipo, mara hakipo.

Naanza na vya bei rahisi, ndiyo kanuni yangu.
Waya wa gitaa. Nabadilisha. Si waya.
Gitaa lenyewe. Naazima lile la Bi Thirkell pale ukutani,
hajalilipia tangu Pasaka. Si gitaa.
Waya wa spika nautikisa kama mkia wa mbuzi. Si huo.
Valvu naigonga mojamoja kwa kijiti
kilichobaki kwenye tambi za jana:
ti. ti. ti.
Zinalia kama vikombe vya muuza kahawa,
lakini hazikati.

Saa nane na dakika kumi, mwili umeshapata moto,
inakatika.
Si kwa kishindo. Inapungua, kama mtu
anayeendelea kuongea huku akifunga mlango.
"Umesikia?" Lwaboshi amesimama,
ana furaha ya mgonjwa aliyeaminiwa.

Nachomoa umeme. Nangoja. Chombo hiki hakisahau upesi,
kapasita zake hutunza volti kama ndugu atunzavyo kinyongo.
Nazikamua, mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni.
Marehemu Deverill, aliyenifunza, alikuwa akisema
mkono wa pili umeumbwa kushika chai.
Nachungulia. Lehemu zinang'aa. Hakuna kilichoungua.
Narudisha kifuniko, nawasha, naigeuza inipe mgongo.

Kuna soketi mbili huko nyuma, zimekaa kama mapacha,
moja ya kutoka, moja ya kurudi.
Sauti hutoka hapa ikatembelee vikorombwezo vya mwangwi
kisha irudi pale, iendelee na safari.
Asiye na vikorombwezo hachomeki kitu:
ndani ya ile ya kurudi kuna ulimi wa shaba
umelalia mwenzake,
na sauti hupita juu yao kwa hisani tu.

"Umewahi kuchomeka kitu hapa?"
"Wapi?"
"Hapa. Kurudi."
Anainama, anasoma, anajifuta mvua usoni.
"Miaka kumi na tisa niko nayo. Hata siku moya."

Natwaa waya mfupi wa shubiri moja,
nachomeka huku, nachomeka kule,
na karakana inajaa
mpaka kopo la skrubu linatetemeka.
Nauchomoa: inafifia.
Naurudisha: inajaa.

Basi si valvu, si transfoma, wala si jicho la pasta.
Ni ukoga. Mwembamba kuliko utando wa maziwa,
huota mahali pasipoguswa.
Napuliza dawa, nachomeka, nachomoa,
mara kumi, mara ishirini, mkono unaniuma.
Namwambia: mara moja kwa mwezi ufanye hivi,
hata kama huna haja.
Hajibu.

Anaketi juu ya kreti, anaijaribu.
Si wimbo wa kanisani. Ni sebene, ile ya shingoni mwa gitaa,
vidole vinakimbizana kama watoto waliofunguliwa shule,
na jirani wa chipsi anagonga ukuta, sijui kwa hasira au kwa mdundo.
Wimbo wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu tunautega masikio, tunangoja ikatike.
Haikatiki.
Tunazidi kungoja.

Pauni kumi na tano.
Anahesabu sarafu, anavaa koti, anafika mlangoni,
anarudi kuuliza bei ya ule waya mfupi.