Mashapo

Gyumri, mwezi wa pili. Theluji imepanda hadi dirishani
na bibi yangu Haykuhi ameliziba kwa gundi na magazeti
kama kila mwaka tangu tetemeko,
maana baridi, asema, huingia bila hodi.

Anachemsha kahawa kwenye kibirika cha shaba.
Wanawake wanainywa, wanafudikiza kikombe kisahanini,
wanangoja kipoe. Ndipo anakifunua:
Hii hapa njia. Huyu ndege, ana barua mdomoni.
Mumeo huko Krasnodar hajakusahau, ila ana deni.
Malipo ni mayai. Pengine kuni.
Na kati ya njia na ndege anakohoa,
akigeuza uso, kwa adabu.

Mimi pia nasoma vikombe.
Vyangu vya plastiki, vina vifuniko vya kusokota,
huja asubuhi na makohozi na jina.
Napaka kiooni, napitisha motoni,
namwaga nyekundu, naosha kwa asidi, namwaga buluu,
kisha nainamia darubini kama anayechungulia kisima.
Buluu tupu: heri, ingawa si hakika.
Vijiti vyekundu, vimepinda kidogo,
kama nyuzi chini ya meza ya cherehani:
hapo hakuna ndege wala barua.

Nilimwambia, bibi, nenda ukapime.
Mganga hajigangi, akajibu.
Ndiyo maana kuna zahanati, nikasema.
Akacheka, kicheko kikamkaba.

Jumanne ile kikombe cha saba kiliandikwa
Vardush Melikyan.
Vardush tulimzika kabla zabibu hazijaiva.
Nikazitazama zile herufi, zimelalia kushoto.
Ukingoni mwa kifuniko, alama ya kidole,
hudhurungi.

Mpiga ramli amejificha nyuma ya marehemu
wateja wasisikie.
Nilipaka. Nilipitisha motoni. Buluu ilimwagika mezani.
Nilihesabu, nikamwita mwenzangu ahesabu yeye,
maana jicho la ndugu hupunguza.

Jioni sikusema neno. Nilikunywa kahawa, nikafudikiza,
nikamsukumia.
Alikizungusha muda mrefu, kuni zikipasuka jikoni.
"Naona mtu ameinamia kioo," akasema. "Anajua jambo."
"Anajua."
"Basi mwambie Vardush atameza hizo dawa."

Miezi sita. Muuguzi Knarik kila asubuhi, barakoa usoni:
Fungua mdomo, mama. Inua ulimi.
Siku ya pili bibi alinipigia kazini, sauti imemkauka:
mkojo umekuwa rangi ya chungwa, ishara gani hii?
Ishara ya kidonge, bibi.
Kimya. "Ishara njema, basi."

Tulibandua magazeti. Dirisha lilipiga kelele,
theluji ikamwagika juu ya mto wake.

Kisha jambo gumu kuliko vidonge: majina.
Nani walikaa kiti kile?
Siku tatu alikataa. Siri ya kikombe haivuki kizingiti.
Siku ya nne akataja, macho ukutani,
kumi na mmoja: Satenik, yule wa Krasnodar,
Nvard na mwanawe anayetambaa.
Wengi walikwenda kupima. Wawili walitema mate mlangoni kwetu.
Mtoto wa Nvard hupewa dawa ya kinga, imeyeyushwa kijikoni,
anaitema, anapewa tena.

Sasa forosadi zinaanguka barabarani.
Amerudi Nvard peke yake.
Dirisha wazi, pazia limetoka nje kama ulimi.
"Naona ndege," asema bibi.
"Na hili doa?"
Bibi anakisogeza kikombe mezani, taratibu, mpaka kwangu.
"Hilo si langu. La huyu."

Natazama. Ni kahawa tu.
Lakini wamenyamaza wote wawili,
wananingoja.