Maagizo kwa Mfaume, Kabla ya Basi la Saa Kumi na Mbili

Usikae kwenye kinu, Mfaume.
Umeona? Hata sisi Newala tuna yetu,
na hakuna mgeni aliyezaliwa anayajua.
Vuta kigoda, nikupe ya Japani
niliyoyapata bila pasi wala tiketi,
kwa Chizuko, mwalimu wa fizikia,
aliyepanga chumba changu cha uani miaka miwili
akanifundisha, mara nyingi, kwa kunyamaza.

Viatu huvuliwa mlangoni. Hilo unalijua, umekulia msikitini.
Lakini vigeuze, ncha zitazame nje,
kama viatu vinavyojua vitaondoka.
Chooni kuna ndara zake. Ziache hukohuko!
Nisisikie umeibuka nazo sebuleni
mbele ya wazee wa kiwanda.
Na soksi zile zilizotoboka, zitupe leo.

Bafu. Hapo sikiliza, maana sisi watu wa ndoo,
tunaopanga foleni bombani saa tisa usiku,
tutaona maajabu:
wanajaza maji ya moto mpaka shingoni
na si ya kuogea.
Unajisugua kwanza nje, unajisuuza, povu lote liishe,
ndipo unaingia, unatulia humo kama muhogo.
Ukitoka usiyamwage. Anakuja mwenzio.
Chizuko aliponieleza nilicheka,
kisha kicheko kikanikauka:
kwangu alikuwa anaoga nusu ndoo
na hakuwahi kusema kitu.

Wali. Siku ya Idi, Hashiru mdogo
alichomeka vijiti viwili vya mishikaki
wima katikati ya sinia, akasema, mnara wa simu!
Chizuko akaweka kijiko chini.
Rangi ilimtoka usoni.
Baadaye sana, tukiosha vyombo, ndipo akasema
kwao wali wa namna hiyo ni wa maiti.
Basi vijiti vyako vilaze, mwanangu,
wala usimpokeze mtu tonge kijiti kwa kijiti;
hivyo ndivyo wanavyookota mifupa ya wapendwa wao.
Supu ya tambi ivute kwa sauti upendavyo,
huko shangazi hatakufinya.

Kadi ya mtu ipokee kwa mikono miwili
(hilo jandoni walikufunza), isome,
usiitie mfuko wa nyuma ukaikalia.
Bakshishi usiache mezani, watakukimbiza barabarani na chenji yako.
Takataka zako tembea nazo. Pipa hutaliona.
Uchafu nao hutauona, sijui wanafanyaje.
Treni ikiwa kimya, na simu yako iwe kimya,
wewe unayeongea na mtu wa Masasi
kana kwamba yuko ng'ambo ya Ruvuma.

Korosho nimefunga vifurushi sita, karatasi hii ya maua.
Watakataa, toa tena.
Watakataa, toa tena.
Wakipokea hawatafungua mbele yako; usinune.

Na ukimwomba mtu jambo, akavuta pumzi katikati ya meno,
akasema, "Ni gumu kidogo,"
amekataa. Shukuru, uondoke.
Ni ile "tutaona" ya baba yako
ulipomwomba pikipiki.

Bado moja.
Asubuhi aliyoondoka Chizuko, ukungu ulipanda
kutoka Shimo la Mungu, ukaifunika stendi.
Tukaagana, akainama, basi likawaka,
nami nikageuka. Nina ming'oko motoni,
nani wa kusubiri moshi wa gari?
Jioni Bi Nangumbi wa vitumbua akaniuliza,
"Yule mgeni wako mlikosana?
Alitoa nusu ya mwili dirishani,
anapunga, anapunga, mpaka kona,
anaupungia mgongo wako."

Kwao anayesindikiza husimama
hadi msafiri apotee machoni.
Hilo hakunifundisha.
Nadhani alidhani kila mtu analijua.

Kesho ukipanda, kaa dirishani, upande wa stendi.
Ming'oko nimeshaichemsha usiku huu.