Mizani ya Magunia

Miaka ishirini napima kahawa ya watu hapa Mbale,
mwenyewe sijawahi kupanda mizani.

Leo zahanatini Nabifo kaniambia: vua viatu.
Kilo tisini na nane.
Mgongo ukutani: mita moja na sentimita sabini.
Urefu kauzidisha kwa urefu, uzito kaugawa kwa jibu lake,
kaandika thelathini na nne
kwa mwandiko mdogo, kama deni.
"Ukifika ishirini na tano, umeanza kuzidi."

Nikamwambia: dada, kitambi hiki
ndicho kilichonipa kiti cha mbele kwenye imbalu,
ndicho wanachokiamkia "bosi."
Na Wamono, mchukuzi wangu, mbona ana ishirini na saba?

"Wamono ni misuli. Hesabu haioni misuli.
Ndiyo maana nina utepe."
Akauzungusha kiunoni.
Sikuuliza amesoma nini.

Jioni nikafunga ghala,
nikapanda mizani ya magunia:
tisini na tano!
Nikacheka peke yangu gizani,
hadi nikazikumbuka zile kilo tatu
ninazowapunja wakulima
kila gunia.