Mfuko wa Kulia

Nilikiona Birere, juu ya gunia,
kati ya vijiko vilivyopinda na kufuli zisizo na funguo,
kimejikunja kama mtu aliyelalia baridi.
Mama Kahindo alitaka franka elfu kumi na tano.
Nikacheka kicheko cha mteja,
akacheka kicheko cha muuzaji,
tukaachana kwenye elfu kumi na moja
kila mmoja akijiona mwizi.

Kwanza, uzito.
Kimefungwa, bado kinakipita kiganja changu,
na kiganja changu si cha karani:
miaka kumi na minane kinavisha chukudu viatu vya mpira.

Halafu sauti.
Nilisukuma kwa dole gumba, kikagoma.
Nikasukuma tena. Tak!
Njia nzima ikageuka.
Mji huu unazijua sauti za vyuma
kama wengine wanavyowajua ndege.
Nikakifunga upesi, nikakohoa,
nikauliza bei ya vijiko.

Mpini ni pembe ya mnyama nisiyemjua,
na mtu alichora hapo kwa msumari
R, kisha M, au labda N iliyochoka.
Wewe R, ulikiuza? Kilikudondoka?
Au ulitolewa mfukoni ukiwa umelala
usingizi ule mwingine?
Birere hawaulizi kitu kilikotoka.
Wanauliza kama kinakata.

Kinakata.
Kile changu cha zamani, cha jikoni,
mpini wake nimeufunga kwa chubu ya baiskeli,
huwa kinasaga, kinabembeleza tairi, kinaomba.
Hiki kiliingia ndani ya tairi la lori
kama mwenye nyumba.
Ukanda wa gurudumu la Paluku ukatoka mzima,
mweusi, mrefu, ulimi wa ng'ombe.
Paluku, miguu juu ya jiwe la volkano,
hakuutazama ukanda.
"Hicho ni cha kazi?"
"Cha kazi."
"Mpaka saa ngapi?"

Saa kumi na mbili na nusu, gizani,
umeme umeshakatika Katindo nzima,
suruali imeinama upande mmoja
na mimi natembea kama niliyeumia nyonga.
Wako watatu, tochi moja, bunduki mbili.
Mkono ukapapasa, ukatulia.
"Hii ya nini?"
Nikasema: mipira.
Hakuuamini mdomo. Akamulika mikono yangu,
kucha, mistari, weusi usiotoka kwa sabuni,
akaisoma pole pole, kama barua ya ofisi.
Kisha akakifungua mwenyewe.
Kufunga hakujua.
Kikambusu kidole,
naye akakiweka kidole mdomoni, akakinyonya,
na kwa muda huo alikuwa na miaka tisa.
"Kikali," akasema, kama anayesifia mbwa wa jirani.
Akanirudishia. Mpaka leo sijui kwa nini.
Mwenzake alitaka pesa ya tochi. Nikatoa.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Nyumbani kulikuwa na sombe.
Nilikata parachichi tu, likanuka tairi,
mtoto akakataa upande wake,
akataka kujua kisu kikijikunja
makali yanakwenda kumkata nani huko ndani.
Nikamwambia kula.

Kavugho hakusema neno.
Alikipima mkononi kama anavyopima kilo ya sambaza,
akitafuta jiwe lililofichwa chini ya mizani,
akakiweka juu ya kabati, mbali, nyuma ya redio.
Nikalala nikijua nimeshinda mnada
na kushindwa jambo jingine ambalo sikulipatia jina.

Asubuhi nilivaa suruali.
Mfuko wa kulia ulikuwa mzito kabla sijatia kitu:
ameushona mara mbili,
kitambaa cha hema, uzi wa gunia,
mishono midogo, ya hasira, iliyonyooka.